Kabla hujapiga Windows au Linux: 32 au 64? Na hizi za ARM je? (wenye steshenari na mafundi wa Kusini karibuni)

Fundi_Masasi (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi, Mtwara kuchele, na ndugu zetu wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa mpo?

Nimeona nilete huu uzi mana msimu wa korosho ukikaribia tu huku Masasi kila mwenye steshenari anafufua mashine yake, asiye nayo anaagiza used kutoka Dar inakuja na basi, na wote wakifika mezani neno ni moja tu, "fundi nipigie window". Ukimuuliza nipige ya biti thelathini na mbili au ya sitini na nne anakwambia piga yoyote bora iwake. Na mafundi wengine nao ndo hivyo hivyo, kwenye mkoba ana flashi moja yenye window moja na kila mashine inayokuja inapigwa hiyo hiyo. Hili linaniuma kweli, mana mwenye mashine katoa hela yake halafu anaondoka na mashine iliyofungwa miguu na wala hajui.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili atakayeishia njiani awe kashaupata: piga 64. Baki na 32 kwa sababu mbili tu, ama prosesa yenyewe haijui 64, ama una kifaa au programu inayokuingizia hela na haina namna ya kufanya kazi kwenye 64. Basi. RAM ndogo peke yake mi siihesabu kama sababu, najua kuna watakaobisha, karibuni.

Tuanze na kwanini. Prosesa inaifikia RAM kwa namba, kila baiti ina namba yake. Mfumo wa biti 32 namba zake zinaishia 4,294,967,296, ambayo ndo GB 4, baada ya hapo hakuna namba nyingine. Ni sawa na karani wa ghala ambaye daftari lake lina mistari elfu moja, hata umjengee ghala la pili, gunia la elfu moja na moja hana pa kuliandika. Na hizo GB 4 zenyewe hupati zote, kadi ya picha na vifaa vingine vya ndani vinachukua namba zao humo humo, ndo mana unakuta inayobaki ni 3 na pointi. Wanaojua watasema kuna PAE, ujanja wa kuiongezea prosesa ya 32 namba za RAM, ni kweli, ilikuja na Pentium Pro mwaka 1995 na inafika hadi GB 64, Linux ya 32 inaitumia vizuri tu, lakini hizi Windows za kawaida za nyumbani na ofisini Microsoft walizifungia kwenye GB 4, kwahiyo kwa mwenye steshenari haimsaidii kitu.

Nitoe mfano wa mashine moja ya dada mwenye steshenari karibu na stendi. Desktop ya Core i3, kaiongezea RAM kwa hela yake ikawa 8. Malalamiko yake ni kwamba akifungua Excel yenye majina ya wakulima, brauza ina tabo nne tano, na hapo mtu kaja kuskani kitambulisho, mashine inaganda, duara linazunguka tu na foleni inafika mlangoni. Nikafungua This PC, raiti kliki, Properties. Mstari wa RAM umeandika 8.00 GB, na pembeni kwenye mabano inayotumika ni 3.24 GB. Yaani RAM aliyoinunua imekaa humo ndani inapigwa vumbi. Mstari wa System type ndo ukasema yote: 32-bit operating system, x64-based processor. Mfumo uliopigwa ni 32 ila prosesa ni ya 64. Huo mstari wakuu ndo wa kuusoma kabla ya kitu kingine chochote, kipande cha kwanza ni window iliyopo na kipande cha pili ni uwezo wa prosesa. Ukikuta pale mwisho pameandikwa x86-based basi prosesa ni 32 tupu, usihangaike nayo. Kwa wa Linux fungua tamino andika lscpu, angalia mstari wa CPU op-mode kama vipo vyote viwili au kimoja.

Usidhani lazima mashine iwe mpya. Hii 64 tunayotumia walioitoa ni AMD, Opteron Aprili 2003 na Athlon 64 Septemba mwaka huo huo, Intel wao walikuwa wanasukuma Itanium ambayo ilikuwa njia nyingine kabisa, mwaka 2004 ikabidi nao wafuate njia ya AMD. Kwahiyo karibu kila Core 2 Duo unayoiona mtaani inakubali 64. Ila angalia vizuri, Core Duo isiyo na 2 katikati, ile iliyotoka mwanzoni mwa 2006, hiyo ni 32, Core 2 Duo iliyotoka katikati ya mwaka huo huo ndo 64.

Na hapo hapo kuna majina yanayowamalizia watu bando. Unaenda kushusha Linux unakuta faili limeandikwa amd64, wewe una Intel, unaliacha unadhani si lako. Ni lako. amd64, x64 na x86_64 ni kitu kimoja, AMD au Intel zote zinatumia. x86 peke yake, i386 na i686 hizo ni 32. Halafu kuna arm64 au aarch64, hiyo ni ARM, familia nyingine kabisa ya prosesa, kama mashine yako ni ya Intel au AMD usiiguse, haitawaka hata uipige mara ngapi. Kosea hapo kwenye faili la GB tano na ushee uone bando linavyokwenda.

Sasa sababu ya pili, hapa ndo watu wanaumia. Programu za 32 zinafanya kazi kwenye Windows ya 64 bila shida, kuna kitu kinaitwa WOW64 kinazibeba, ndo mana kwenye C unaona folda mbili za Program Files, moja imeongezewa x86. Kwahiyo usiogope kwamba programu yako ya zamani itagoma. Office nayo hivyo hivyo, Windows ikiwa 64 hulazimiki Office iwe 64. LAKINI draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa kama printa, haibebwi. Windows 64 inataka draiva ya 64 tena yenye sahihi ya kidijitali, na kama mtengenezaji wa printa yako hakuwahi kuitoa, printa inabaki pambo. Programu za biti 16, zile za enzi za DOS na Windows 3.1, hizo kwenye 64 hazifunguki kabisa. Kwahiyo KABLA ya kufomati chukua karatasi andika kila kilichochomekwa kwenye hiyo mashine, printa, skana, kisoma alama za vidole, kila kitu na modeli yake, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone draiva ya 64 ipo au haipo. Ukishafomati ndo uanze kutafuta utakuwa umechelewa, mteja kasimama mbele yako.

La mwisho kwa leo, hakuna kupandisha kutoka 32 kwenda 64 juu kwa juu. Lazima upige upya, kwahiyo bakapu kwanza, na usiniambie vitu viko Desktop halafu unasema viko salama, Desktop iko ndani ya C. Leseni yako haipotei, toleo likiwa lile lile, mfano Pro kwa Pro, inafanya kazi pande zote mbili.

Maswali karibuni.

---

Kitangari_Boy

Nimeweka kambi hapa mkuu. Asante sana, huo mstari wa System type nilikuwa nauona kila siku sijui unasema nini.

---

Mzee_wa_Mikindani

Kijana umeeleza vizuri na nimefurahi umegusa PAE, wengi hawaijui. Ila hapo uliposema RAM ndogo si sababu sikubaliani nawe. Mfumo wa 64 kila anwani ndani ya programu inachukua baiti 8 badala ya 4, kwahiyo programu ile ile inakula RAM zaidi. Juu ya hapo Windows 64 inabeba seti mbili za mafaili, za kwake na za kuzihudumia programu za 32. Microsoft wenyewe kwenye Windows 10 waliandika 32 itosheke na GB 1 ya RAM na diski ya GB 16, ila 64 walitaka GB 2 na diski GB 20. Hiyo tofauti haikuwekwa kwa kupendezesha karatasi. Mtu ana laptop ya GB 2 unamwambia apige 64, unampa mzigo.

---

Fundi_Masasi

Shikamoo mzee wangu. Yote uliyosema ni kweli na hizo namba ziko sawa sawa. Ninachobisha ni hitimisho.

Mashine ya GB 2 sa hivi hata ukipiga 32 itateseka vile vile, mana kinachokula RAM kwa mtu wa kawaida ni brauza, na kurasa za sasa hivi haziulizi una ngapi. Unaokoa kidogo kwenye mfumo halafu tabo mbili zinakimeza. Kwa upande mwingine 64 inampa prosesa rejista (vijisanduku vyake vya ndani vya kufanyia hesabu) 16 za kazi badala ya 8, kazi nzito kama kukandamiza mafaili au video inakwenda haraka zaidi kwenye prosesa ile ile.

Ila kubwa kuliko yote mzee ni kwamba barabara ya 32 inafungwa. Kuanzia toleo la Windows 10 la Mei 2020 watengenezaji wa kompyuta mpya hawakupewa tena 32. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 haina 32 kabisa, haipo. Na Windows 10 yenyewe sapoti ya kawaida imeisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa mtu wa nyumbani kuna mpango wa kuongezewa usalama hadi Oktoba 2026 lakini hiyo ni kuvuta siku. Ukimpigia mtu 32 leo unampa kitu ambacho hakina mrithi. Bora nimwambie atafute RAM used ya GB 2 nyingine aongeze, za DDR3 zipo na bei yake si ya kutisha.

---

Mzee_wa_Mikindani

Marahaba. Na zile ambazo RAM imechomelewa kwenye bodi haiongezeki?

---

Fundi_Masasi

Hizo mzee nakubali Windows ya 64 itakuwa mateso. Hapo mi napiga Linux nyepesi yenye muonekano mwepesi wa Xfce au LXQt, bado ya amd64, na inatembea. Sio kwa kasi ya ajabu ila mtu anaandika barua, anaprinti, anafungua barua pepe.

---

Mzee_wa_Mikindani

Haya, kwa Linux tuko pamoja. Ila kwa mteja anayetaka Windows na hataki kusikia kingine, mimi kwenye GB 2 iliyochomelewa nitaendelea kumpa 32 na kumwambia ukweli wa umri wake. Hapo tubaki kila mtu na lake.

---

Mwalimu_Newala

Ndugu zangu mimi nina jambo linanikosesha raha. Shuleni kwetu tulipata msaada wa vile vilaptop vidogo vya inchi kumi, vina Atom N270, RAM GB 1. Watoto wanavipenda sana na ndo kompyuta pekee wanazozigusa hawa watoto kabla ya kumaliza. Nimejaribu kuweka Debian mpya, 13, sikuona kabisa faili la kushusha la i386. Ubuntu nayo hivyo hivyo. Je ndo vimekufa? Naombeni msaada kwa kweli, sitaki kuwaambia watoto kwamba vimeisha.

---

Fundi_Masasi

Mwalimu pole na hongera kwa kazi, hili la watoto tulichukue kwa uzito wote wadau.

N270 ya mwaka 2008 ni 32 tupu, hapo hakuna ujanja, na ni ile sababu yangu ya kwanza kabisa. Kuhusu Debian uko sahihi, Debian 13 ya Agosti 2025 ndo wameacha kutoa kisakinishi cha i386, ya mwisho kuwa nacho ni Debian 12 ya Juni 2023. Ubuntu desktop waliacha mapema zaidi, kuanzia 17.10 ya Oktoba 2017. Kwahiyo wewe shusha Debian 12 ya i386, au LMDE 6 ya 32 ambayo ni Linux Mint iliyojengwa juu ya Debian 12. Kwa GB 1 mi ningekwenda Debian 12 nikachagua muonekano wa LXDE au hata IceWM peke yake, Mint yenyewe itawazidi nguvu.

Kitu cha kuwa nacho makini ni brauza. Chrome ya Linux 32 ilisimama toka Machi 2016. Firefox nao wametangaza 144 ndo ya mwisho kwa Linux ya 32, na ile ESR 140 (toleo lao la kutunzwa muda mrefu) wakasema itaendelea hadi angalau Septemba 2026. Kwahiyo usivipangie intaneti. Vipangie kazi za ndani, LibreOffice, GCompris kwa wadogo, Scratch ya zamani ile 1.4, kuchapa kwa vidole kumi na Tux Typing. Kwa hayo vitaishi miaka mingi hata visipoguswa na mtandao.

---

Ndanda_Kompyuta

Naongezea kwa mwalimu. Kompyuta moja yenye nguvu kidogo, hata Core 2 Duo ya 64, iwe ndo ya walimu yenye intaneti, mnashusha vitu humo mnaviweka kwenye vile vidogo kwa flashi. Na ukishusha ISO (faili zima la kusakinishia) ya Debian chukua ile DVD nzima sio netinst, netinst inakamua mtandao wakati wa kuinstoli na vilaptop vikiwa kumi na tano umekwisha. DVD unashusha mara moja unapiga vyote.

---

Mwalimu_Newala

Mungu awabariki sana. Jumamosi nashuka Masasi nitashusha hiyo DVD.

---

Fundi_Masasi

Mwalimu usimalize bando lako, ninayo, njoo na flashi ya GB 8.

---

Jirani_wa_Msasa

Mkuu mi nina kitabuleti cha Windows, nilipewa na mjomba, prosesa Atom Z3735F. Nimesoma uzi wako nikaangalia System type, inasema 32-bit operating system, x64-based processor, nikafurahi, nikatengeneza flashi ya Linux Mint ya 64, haioni flashi kabisa. Nimebadilisha flashi, nimebadilisha porti, wapi.

---

Fundi_Masasi

Hiyo ni kesi ya peke yake na nashukuru umeileta mana inaumiza watu. Z3735F ya mwaka 2014, familia ya Bay Trail, prosesa ni 64 kweli, lakini vifaa vingi vya aina hiyo vilitengenezwa na UEFI ya 32, ile programu ndogo ya kuwashia mashine. UEFI ya 32 inatafuta faili la kuwashia linaloitwa bootia32.efi, flashi nyingi za 64 zina bootx64.efi peke yake, kwahiyo inaipita kama haipo. Flashi yako haina tatizo.

Njia mbili. Ukitaka Windows, baki na Windows 10 ya 32, hapo ndo mahali pake hasa, na RAM yenyewe huwa ni GB 2 au 1. Ukitaka Linux, chukua ISO ya Debian 12 ya amd64, imewekwa faili la kuwashia la 32 ndani yake ila inapiga mfumo wa 64. Baada ya hapo jiandae kuhangaika kidogo na sauti na waifai, hivyo vitabuleti ni visumbufu.

---

Binti_Lindi

Jamani msitusahau wenye simu. Mimi sina laptop, biashara yangu yote naendesha kwenye simu. Rafiki yangu kanitumia APK ya programu ya kutengenezea mabango, kwake inafanya kazi, kwangu inasema app not installed. Nimefuta picha zote nikidhani nafasi imejaa, bado. Simu yangu ina RAM 2. Ina uhusiano na haya ya 32 na 64?

---

Fundi_Masasi

Dada yangu ina uhusiano mkubwa sana na pole kwa picha. Simu karibu zote ni ARM, na huko nako kuna mbili, armeabi-v7a ni 32 na arm64-v8a ni 64. Android ilianza kukubali 64 kwenye toleo la 5.0 mwaka 2014, lakini simu nyingi za RAM 1 au 2 ziliwekewa Android ya 32 hata kama prosesa ni ya 64, kwa sababu ile ile mzee wa Mikindani aliyoisema ya kubana RAM. Rafiki yako simu yake ni 64 kakutumia APK ya 64 tupu, kwako haiwezi kuingia. Shusha CPU-Z kutoka Play Store, nenda sehemu ya System, angalia Kernel Architecture. Ikisema armv7l au armv8l jua uko kwenye 32, ikisema aarch64 uko 64.

Kama hiyo programu ipo Play Store chukua humo humo, Play inakupa inayolingana na simu yako yenyewe, hizi APK za kutumiana WhatsApp ndo zinachanganya. Google toka Agosti 2019 walilazimisha kila programu yenye msimbo wa asili (ulioandaliwa kwa aina maalum ya prosesa) iwe na toleo la 64, hawakukataza 32, ila waandishi wengine waliacha kuitengeneza ya 32. Na kuna simu sa hivi zimeruka upande wa pili kabisa, Pixel 7 ya 2022 haifungui programu ya 32.

---

Binti_Lindi

Imeandika armv8l. Basi nimeelewa, asante kaka. Play Store ipo, nimeipata.

---

Kilwa_Masoko

Wakuu swali la hela nyingi. Kaka yangu yuko Dubai anataka kunitumia laptop mpya kabisa kwa ajili ya steshenari ninayofungua, kaniambia prosesa ni Snapdragon X, chaji inakaa siku nzima. Huku umeme ukikatika chaji ni kila kitu kwangu. Nikubali? Printa ninazo mbili za zamani na mashine ya kuskani.

---

Ndanda_Kompyuta

Kwa steshenari mi nasema USIKUBALI kwanza. Hizo ni ARM, zilianza kuuzwa Juni 2024 kwa wingi. Programu za kawaida za Windows zinafunguka mana kuna kitafsiri kinaitwa Prism, kinabadilisha za x64 na x86 zifanye kazi humo, na vinafanya vizuri. Ila draiva haitafsiriwi. Printa yako ya zamani inataka draiva ya arm64, na kama draiva ya 64 ya kawaida ilikuwa ngumu kupata, ya ARM ndo kabisa.

---

Fundi_Masasi

Naunga mkono. Laptop ni nzuri, kwa mwanafunzi wa chuo au mtu anayeandika ripoti na anasafiri ningemwambia achukue hata leo. Kwako wewe kazi ni printa. Mwambie kaka akutafutie hiyo hiyo bajeti laptop ya Intel kizazi cha 8 kuja juu au Ryzen ya 3000 kuja juu, RAM 8 na SSD, hiyo inaingia Windows 11 kihalali na printa zako zina nafasi kubwa ya kupata draiva. Kama kaka kashanunua tayari, jaribu printa zako kama zinakubali draiva ya jumla ya IPP, zile za mtandao za miaka ya karibuni huwa zinakubali bila draiva ya mtengenezaji.

Na ukija kupiga upya Windows kwenye hiyo ya ARM, Microsoft wana ISO mbili za Windows 11 kwenye tovuti yao, ya x64 na ya Arm64. Usichukue ya x64 kwa mazoea.

MacBook za M1 nazo ndo hivyo hivyo, toka Novemba 2020 Apple wamehamia ARM, Boot Camp haipo humo, ukitaka Windows ni ile ya ARM ndani ya programu kama Parallels.

---

Mnazi_Mmoja_Lindi

Fundi mimi nina duka la jumla, programu yangu ya stoo ni ya DOS, aliniandikia mtu zamani sana na hayupo tena. Ina rekodi zote za wadeni. Mashine ni Core 2 Duo, window 7 ya 32, RAM 2. Kijana wangu kasoma huu uzi anataka aniwekee Windows 11 ya 64 kwa ile njia ya kulazimisha. Nimruhusu?

---

Fundi_Masasi

Mzee wangu usimruhusu, mwambie aweke hiyo flashi pembeni kwanza. Mambo mawili. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai amri za prosesa zinazoitwa SSE4.2 na POPCNT, Core 2 Duo haina POPCNT, kwahiyo hata alazimishe haitawaka. Na programu yako ya DOS kwenye Windows yoyote ya 64 haifunguki moja kwa moja.

Kitu cha kwanza leo hii nakili folda yote ya hiyo programu kwenye flashi mbili tofauti, moja ikae nyumbani. Halafu hiyo mashine ichomoe intaneti, Windows 7 haina masasisho ya usalama toka Januari 2020. Iache ifanye kazi ya stoo tu. Ukipata mashine nyingine ya 64 hapo mbeleni, tunaweka DOSBox (programu inayoigiza DOS) au tunaweka VirtualBox (kompyuta ndani ya kompyuta) na ndani yake Windows ya 32, programu yako inafunguka humo na rekodi zote. Kuprinti kutoka DOSBox kunahitaji marekebisho, tutumie vDosPlus ambayo imetengenezwa kwa kazi za ofisi, inaprinti kwenye printa ya kawaida.

---

Mnazi_Mmoja_Lindi

Nimekuelewa mwanangu. Flashi ninayo moja, ya pili nanunua kesho asubuhi. Nakopi folda gani hasa? Kuna moja imeandikwa STOO na nyingine DATA.

---

Fundi_Masasi

Zote mbili mzee, na ukimaliza fungua ile flashi uone tarehe za mafaili ya ndani ya DATA, zilingane na siku ya mwisho uliyoandika mauzo. Kama zinaonyesha tarehe ya nyuma sana basi rekodi zinaandikwa sehemu nyingine, nipigie picha ya skrini uiweke hapa kabla hujagusa kitu.